Kwa nini karakana yetu inatumia KiCad

Kamati kadhaa za parokia, pamoja na baadhi ya wafadhili wetu, wametuuliza kwa nini bajeti ya karakana ya elektroniki haina fungu la kununua programu ya kuchora saketi. Swali hili ni la haki, nasi tunalijibu.

Vijana wanaojifunza kutengeneza vidhibiti chaji vya umeme wa jua hawaanzi kwa kulehemu. Kwanza huchora saketi kwenye kompyuta, kila kifaa na jinsi kinavyounganishwa na kingine. Kisha hupanga vifaa hivyo juu ya bodi na kuchora njia za shaba zitakazopitisha umeme. Programu hukagua kama njia mbili zimekaribiana mno au kama kuna muunganisho uliosahaulika. Kosa likionekana hapo, halijatugharimu hata senti. Mwisho hutolewa faili za Gerber, ambazo karibu viwanda vyote vya bodi huzipokea.

Eagle ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1988, ilipendwa sana na wanafunzi kwa kuwa ilikuwa na toleo la bure, ingawa bodi haikuruhusiwa kuzidi tabaka 2 na sentimita za mraba 80. Mwaka 2016 ilinunuliwa na Autodesk ya Marekani, na mwaka 2017 ikawa ya kulipiwa ada kwa mwezi au kwa mwaka. Mwaka 2023 Autodesk ikatangaza kwamba Eagle ingekomeshwa tarehe 7 Juni 2026. Kwa karakana inayoendeshwa kwa sadaka, hilo si jambo dogo: michoro ni yako, lakini ufunguo wa kuifungulia anao mwingine.

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa. Kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, kimechangia sana kuiendeleza. Haina ada, hufanya kazi bila intaneti (wanaojua mtandao wa vijijini watatuelewa), na tangu toleo la 5 la mwaka 2018 inaweza kufungua hata michoro ya Eagle.

Gharama hata hivyo ipo. Mwalimu anahitaji muda wa kujifunza, na hapo ndipo fedha za fungu hilo zimepelekwa. Tena, mchoro uliohifadhiwa kwa toleo jipya haufunguki kwa toleo la zamani, hivyo kompyuta zote lazima ziwe na toleo moja. Matoleo mapya hayakubali Windows 7. Anayetaka kutuchangia kompyuta tunamwomba awasiliane nasi kwanza.