Paka wa Nasaba (3): Kadzonzo wa Sokoke

Mswada wa Kaunti ya Jiji la Nairobi uliotaka wenye paka walipe leseni ya shilingi 200 kwa mwaka uliwaudhi wengi. Paka ana thamani gani, waliuliza, hata atozwe ada? Kuna paka wa kwetu mwenye thamani kubwa, ila si sisi tunaoivuna.

Mliosoma sehemu mbili zilizotangulia mnajua jinsi Harrison Weir, kwa maonyesho yake ya paka ya Crystal Palace mwaka 1871, alivyowazoesha Waingereza kumpima paka kwa ukoo. Leo twende Kilifi, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Wagiriama wa huko walimjua kadzonzo tangu zamani: paka mwembamba, miguu mirefu, manyoya ya kahawia yenye mabaka kama gome la mti. Hakuwa na mwenyewe wala bei.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi karibu na Watamu, aliokota vitoto vya paka huyo akavifuga. Rafiki yake, Gloria Moeldrup, akapeleka wengine Denmark. Huko wakaonyeshwa, wakasajiliwa, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafuga paka, FIFe, likawatambua kuwa aina rasmi: Sokoke. Waanzilishi hao walikuwa wachache mno, wakaishia kupandana ndugu kwa ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafugaji wakarudi tena Watamu kutafuta damu mpya. Mara mbili tumechotwa, na hodi haikupigwa kijijini!

Gharama nyingi za paka wa nasaba ni za haki. Mfugaji hulipia dume la kupandisha, vipimo vya maradhi ya kurithi, chanjo, usajili na malezi ya vitoto mpaka waachishwe ziwa. Ndiyo maana Marekani ni kawaida kitoto cha paka wa nasaba kupita dola 1,000. Lakini juu ya hayo mnunuzi hulipia cheti, nacho hutaja mababu wa paka tu. Waliokaa na kadzonzo kabla ya Slater hawamo.

Na isisemwe kwamba haiwezekani kuwagawia wanavijiji mapato. Mwaka huohuo wa 1993, pale Gede, ulianza mradi wa Kipepeo: wakulima wanaopakana na msitu hufuga mabuu ya vipepeo, nayo yakigeuka bundo huuzwa ng'ambo, fedha zikarudi vijijini. Mtu anayekula kutokana na msitu haharakishi kuukata. Kipepeo kalipa karo za watoto. Paka, aliyebeba jina la msitu wenyewe, hajalipa hata daftari. Huo ni uchoyo, hata ukivishwa koti la mapenzi ya wanyama.

Nafasi imebana, nami bado sijaurudia mswada wa Nairobi na masharti yake mengine. Kudai paka achanjwe kichaa cha mbwa ni jambo la busara. Kumtaka mwenye paka jike amzuie asipige kelele akiwa na joto, hilo namwachia askari wa kaunti. Wewe unayetaka paka, chukua kitoto cha mtaani, mchanje, mhasi. Na wewe unayeuza Sokoke Ulaya au Marekani, tenga sehemu ya kila bei unayopokea kwa vijiji vya Arabuko-Sokoke.