Ongeza Swali Kwenye Ukurasa wa Somo

Tangu Machi 2020, shule na vyuo vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya korona, walimu wengi wamejikuta na kazi mpya ya kujaza kurasa za masomo mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha mtandaoni, kilipopewa hati Agosti 2023, ilidhihirika kwamba kazi hiyo haikuwa ya dharura tu. Kwa mkufunzi wa Kitale au mhadhiri wa Bungoma, swali linalorudi kila muhula ni lile lile: niongeze nini kwenye ukurasa huu? Jibu la haraka huwa noti zaidi, slaidi zaidi, video ndefu zaidi. Ushahidi wa sayansi ya kumbukumbu unaelekeza kwingine. Maelezo yakishatosha kueleweka, kinachomfaa mwanafunzi zaidi ni swali la kujibu kabla hajaruhusiwa kusonga mbele.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kuandika kila lililokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83, wenzao wakapata 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa wameamini zaidi kwamba watakumbuka.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1992 Robert Bjork na Elizabeth Bjork walipendekeza kwamba kumbukumbu ina nguvu mbili: ya kuhifadhi jambo, na ya kulifikia linapohitajika. Hii ya pili hukuzwa na tendo ninaloliita uopoaji. Neno ukumbushaji halifai hapa, maana anayekumbushwa huletewa jibu na mwingine, ilhali anayeopoa hulitoa mwenyewe. Chukua ghala la Trans Nzoia baada ya mavuno. Magunia yamepangwa mpaka darini na mkulima ana hakika yote yamo. Machi inafika, anahitaji gunia moja la maharagwe aliloliweka nyuma kabisa, na hakumbuki liko upande gani wala hana pa kupenya. Akiongeza magunia mengine, atazidi kuziba njia. Jirani yake, ambaye kila wiki huingia kuchota debe huku na debe kule, ameacha ujia katikati na anaijua kila safu. Kusoma noti tena ni kuongeza gunia; kujibu swali ni kuingia kuchota. Ila akili inalishinda ghala kwa jambo moja: gunia likichotwa hupungua, lakini jambo likiopolewa kumbukumbuni huimarika. Tena kadiri uopoaji unavyodai jitihada, mradi ufaulu, ndivyo faida inavyokuwa kubwa.

Zana za kufanyia hivyo zipo. Moodle, programu huria ya Martin Dougiamas wa Australia iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, inamruhusu mwalimu kujenga somo lenye kurasa za maelezo na kurasa za maswali. Kila jibu hupewa njia yake: sahihi humpeleka mwanafunzi mbele, lenye kosa laweza kumrudisha kwenye maelezo yanayohusika. Tuseme somo ni mbegu chotara. Ukurasa wa maelezo unasema kwamba mahindi ya H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, yalipatikana kwa kuzalishanisha aina mbili za mahindi, Kitale Synthetic II na Ecuador 573. Mwalimu angeweza kuongeza hapo historia nzima ya utafiti huo. Afadhali aulize: kwa nini mkulima wa Kimilili akipanda punje alizovuna kutoka kwa chotara, mavuno hushuka? Ili kujibu, mwanafunzi hana budi kuopoa kanuni ya urithi: katika kizazi cha pili jeni hugawanyika upya, mimea huanza kutofautiana, na ile nguvu ya chotara hufifia.

Atasema mtu kwamba wanafunzi wetu wamechoshwa na mitihani. Lakini swali ninalolitetea halitoi alama wala halimwaibishi yeyote. Mwanafunzi akikosea hupewa maelezo na kujaribu tena. Mwingine atasema huwezi kukumbuka usichokisoma. Ni kweli, na ndiyo maana maelezo hutangulia. Yawe mafupi tu. Philip Guo na wenzake, walipochunguza mamilioni ya vipindi vya kutazama video za masomo ya mtandaoni ya edX mwaka 2014, waliona kwamba usikivu hupungua sana baada ya dakika 6. Kisha kuna gharama ya bando: swali la maandishi hula kilobaiti chache, video ya saa nzima huweza kula mamia ya megabaiti. Majaribio mengi ya uopoaji yamefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, lakini kanuni yenyewe imethibitika kwa rika na masomo mengi.

Basi, mwalimu, kabla hujapakia faili nyingine wiki hii, fungua ukurasa mmoja wa somo lako. Andika maswali matatu yanayoanza na "kwa nini", na chini ya kila moja weka maelezo ya jibu lake. Wiki ijayo, yaulize tena.