Kompyuta ikiganda, biashara nayo inasimama

KAMPALA

Kompyuta nyingi za nyumbani mjini Kampala hufanya kazi mbili. Mchana hutoa ankara na kutuma nyaraka za mizigo. Jioni watoto huzitumia kwa kazi za shule na katuni. Ndiyo maana kompyuta inapoanza kuganda kwa sekunde tatu au nne kisha ikaendelea, wengi huipuuza. "Imezeeka," husema, na kazi inaendelea.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, sekunde hizo zina gharama. Tangu Januari 2021, waliosajiliwa kwa kodi ya VAT nchini Uganda wanatakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA). Na tangu Eneo Moja la Forodha lianze kutekelezwa mwaka 2014, mzigo wa Uganda unaopitia bandari ya Mombasa hutolewa tamko na kulipiwa ushuru URA kabla haujaondoka huko. Wakala wa forodha ndiye hutuma tamko, lakini ankara na orodha ya mzigo anazisubiri kutoka kwa mwenye mali.

Kompyuta ikiganda katikati ya kutuma, mtu hajui kama ankara imekwenda au bado. Akibonyeza tena kwa haraka, huenda akatoa ankara mbili kwa mauzo mamoja, na kurekebisha kosa hilo katika EFRIS ni kazi ya maombi na kusubiri. Kanuni ya kwanza basi ni hii: ikiganda wakati wa kutuma, subiri. Ikirudi, fungua orodha ya ankara zilizotolewa uangalie kwanza, ndipo uamue kutuma tena.

Kanuni ya pili ni kutokimbilia dukani. Kompyuta inayoganda kidogo kidogo mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Inahitaji mtu wa kuitazama na kujua inaganda lini.

Ni mtandao au ni kompyuta?

Kipimo cha haraka ni mshale wa mausi. Ukurasa ukikwama, sogeza mshale, kisha fungua programu nyingine, kwa mfano kikokotoo. Kama mshale unakwenda na kikokotoo kinafunguka mara moja, huenda kompyuta haina tatizo. Intaneti au mfumo unaoutumia ndio umechelewa. Kama mshale umesimama na hata saa ya kwenye kioo haisogei, tatizo limo ndani ya kompyuta yenyewe.

Chukua daftari, lile lile la madeni likibidi, uandike kwa siku tatu: iliganda saa ngapi, ilikuwa imefungua nini, ilikuwa kwenye chaji au la, ilikuwa na joto au la. Fundi mzuri atauliza maswali hayo hayo. Mteja asiye na majibu hulipia muda wa kubahatisha.

Sababu zinazojirudia

Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile mafundi huiita ramu. Ni kama meza ya duka: ikijaa, bidhaa hupelekwa stoo na kurudishwa kila zinapohitajika. Stoo ya kompyuta ni diski, nayo ni ya polepole kuliko meza. Kompyuta yenye ramu ya GB 4, iliyofunguliwa kurasa kumi na tano za intaneti pamoja na WhatsApp na jedwali la hesabu, hutumia muda mwingi ikienda stoo. Hapo ndipo inaganda.

Ya pili ni diski yenyewe. Kompyuta nyingi za mitumba bado zina diski inayozunguka. Diski ya namna hiyo huweza kutimiza maombi madogo takriban mia moja tu kwa sekunde, wakati diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hutimiza maelfu. Diski inayozunguka ikianza kuchakaa, hurudia kusoma sehemu moja mara nyingi, na kompyuta nzima huisubiri. Ukisikia mlio wa tik-tik pale inapoganda, acha kazi nyingine zote uhamishe mafaili yako siku hiyo hiyo.

Ya tatu ni joto na vumbi. Miezi ya kiangazi Kampala, vumbi jekundu huingia kila mahali, pamoja na kwenye feni ya kompyuta. Feni ikiziba, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni kompyuta inayokwenda vizuri asubuhi na kukwama alasiri, au inayoganda ikiwekwa juu ya kitanda na kupona ikiwekwa mezani.

Ya nne haifikiriwi na wengi: chaja. Baadhi ya kompyuta, zikiwamo za Dell, hutambua chaja isiyo yake na hupunguza kasi kwa makusudi. Kama kompyuta ilianza uzito wiki uliyonunua chaja ya bei nafuu, ichomoe utumie betri kwa dakika chache. Ikichangamka, umempata mshtakiwa.

Ya tano ni programu zinazofanya kazi kimyakimya: masasisho, programu mbili za kuzuia virusi zinazogombana, au michezo waliyoweka watoto.

Namna ya kuchunguza

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka huonyesha kwa asilimia namna prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Liache wazi uendelee na kazi. Inapoganda na kurudi, tazama kipi kilipanda. Kumbukumbu ikikaribia asilimia 100, funga kurasa usizozihitaji. Tatizo likirudi kila siku, ongeza ramu. Diski ikikaa asilimia 100 hali hufanyi lolote, shuku diski au programu ya kimyakimya. Bonyeza kichwa cha safu ya diski ili inayoitumia zaidi ije juu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri siku moja. Anayesafisha feni, kufuta programu na kubadilisha chaja kwa pamoja hatajua kipi kilimponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Kwa kompyuta nyingi za umri wa kati, kuweka SSD na kuongeza ramu hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Hata hivyo, kabla ya kutumia pesa, angalia kama inaweza kupokea Windows 11. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta inayobeba nywila za URA na za benki haifai kubaki bila kinga.

Kabla ya kumpa fundi

Ndani ya kompyuta ya mfanyabiashara mna bei za wasambazaji, namba za wateja na nywila. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini kinga ya kwanza iko mikononi mwa mwenye mali. Nakili mafaili kwenye diski ya nje. Toka kwenye akaunti zote. Diski ikibadilishwa, dai ile ya zamani uondoke nayo, hata ukiambiwa imekufa. Kazi ya kuongeza ramu kwa kawaida haichukui saa nzima. Ukiweza, kaa hapo hapo mpaka iishe.

Nakala hiyo ina sababu nyingine. Sheria ya Uganda ya taratibu za kodi inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Mkaguzi akija kuuliza mzigo wa miaka mitatu iliyopita, kufa kwa diski hakutakuwa jibu. Weka nakala moja kwenye diski ya nje na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, kila Ijumaa baada ya kufunga hesabu.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kompyuta inayoganda sekunde tatu leo imempa mwenyewe muda wa kunakili, kuchunguza na kutengeneza kwa bei ndogo. Muda huo haudumu. Siku diski itakapokataa kabisa kuwaka, huenda lori liko njiani kuelekea Malaba, na wakala yuko kwenye simu akiuliza ankara iko wapi.