Namna ya Kufumbua Sudoku Ngumu bila Kubahatisha



Jioni moja wakati wa likizo nilikuwa nimeketi ufukoni mwa Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, na kijitabu cha sudoku mkononi. Fumbo lenyewe lilikuwa la mwisho kitabuni, katika yale magumu kabisa. Nilikwisha kujaza nusu yake, nikafika mahali nisione njia. Chumba kimoja kilikuwa na nambari mbili zilizowezekana, 3 na 9. Nikachagua 3, nikaiandika kwa wino, nikaendelea kwa furaha. Giza lilipokaribia nikaona 9 mbili katika mstari mmoja. Kazi yote ikaharibika, wala sikuweza kutenga nambari za haki na zile zilizozaliwa na ile 3.

Mzee mmoja jirani yetu, mchezaji hodari wa igisoro, alikuwa akinitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo 3 uliiweka kwa sababu gani?" Nikakosa la kujibu. Katika igisoro, wenye mashimo 32 na kete 64, mchezaji mzuri hachoti kete kabla ya kuhesabu zitakakoishia. Nami nilikuwa nimechota tu. Swali la mzee lilinifanya nijifunze upya, na niliyoyapata ndiyo ninayoyaleta hapa.

Kwanza tujue asili yake. Watu wengi hudhani sudoku ilizaliwa Japani. Sivyo. Aliyeitunga anaaminiwa kuwa Howard Garns, msanifu wa majengo wa Marekani, na ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1979. Mwaka 1984 jamaa wa gazeti la Nikoli la Japani waliichukua na kuipa jina lililokuja kufupishwa kuwa sudoku, maana yake kwamba kila tarakimu ikae peke yake. Mwaka 2004 Wayne Gould, aliyekuwa hakimu Hong Kong, aliipeleka kwa gazeti la The Times la London, ikaenea duniani kote. Garns hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1989.

Jedwali lina vyumba 81: mistari 9 ya kulala, mistari 9 ya kusimama, na nyumba 9 zenye vyumba 9 kila moja. Kila mstari na kila nyumba sharti iwe na nambari 1 hadi 9 bila kurudia hata moja. Fumbo la haki lina jibu moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walitangaza kwamba wamethibitisha kwa kompyuta ya kuwa nambari 16 za kuanzia haziwezi kamwe kuleta jibu moja. Hazina budi kuwa 17 au zaidi.

Sasa tuingie kazini. Chukua kalamu ya risasi, wala si ya wino. Katika kila chumba kitupu andika kwa herufi ndogo nambari zote ziwezazo kukaa humo. Kazi hii yachosha, lakini asiyeifanya asitafute njia zifuatazo, maana hataziona.

Njia ya kwanza ni jozi. Tuseme katika mstari mmoja wa kulala nambari 1, 3, 5 na 8 zimekwisha kuwekwa, na vyumba vilivyobaki vina hizi:

Chumba cha 2: 4, 7
Chumba cha 5: 4, 7
Chumba cha 6: 2, 4, 6
Chumba cha 8: 4, 7, 9
Chumba cha 9: 2, 6, 9

Tazama vyumba vya 2 na 5. Hatujui kipi kina 4 na kipi kina 7. Lakini ikiwa cha 2 ni 4, cha 5 ni 7; na ikiwa cha 2 ni 7, cha 5 ni 4. Kwa vyovyote vile 4 na 7 zimekwisha kupata wenyewe, basi tuzifute katika vyumba vingine vya mstari huo. Chumba cha 8 chabaki na 9 peke yake. Tumepata nambari ya hakika kutokana na vyumba viwili tusivyovijua!

Njia ya pili hutumia nyumba na mstari pamoja. Ikiwa katika nyumba moja 5 yaweza kukaa katika vyumba viwili tu, navyo vyote vimo katika mstari mmoja wa kulala, basi 5 ya mstari huo imo ndani ya nyumba hiyo. Ifute katika vyumba vya mstari huo vilivyo nje ya nyumba.

Njia ya tatu huitwa bawa la X. Tuseme katika mstari wa kulala wa 2, nambari 6 yaweza kukaa penye mstari wa kusimama wa 3 au wa 8 tu. Na katika mstari wa kulala wa 7 ni vivyo hivyo, wa 3 au wa 8 tu. Ikiwa 6 ya juu iko kwenye wa 3, ya chini iko kwenye wa 8. Ikiwa ya juu iko kwenye wa 8, ya chini iko kwenye wa 3. Ukichora njia hizo mbili utaona alama ya X. Kwa vyovyote mistari ya kusimama ya 3 na 8 imekwisha kupata 6 zake. Ifute 6 katika vyumba vyao vingine vyote.

Njia ya nne ni ya bawaba. Chumba cha pembeni kabisa, mstari wa kulala wa 1 na wa kusimama wa 1, kina 2 na 5. Katika mstari uo huo wa kulala, chumba cha 7 kina 2 na 8. Ukishuka mstari wa kusimama wa 1 hadi chumba cha 5, wakuta 5 na 8. Bawaba ikiwa 2, kile cha kulia ni 8. Bawaba ikiwa 5, kile cha chini ni 8. Basi chumba kilichopo mstari wa kulala wa 5 na wa kusimama wa 7, kinachotazamana na vyote viwili, hakiwezi kuwa 8.

Je, mmeona jambo moja katika njia zote hizi? Mimi kule ufukoni nilikuwa na njia mbili, nikafuata moja na kuiacha nyingine. Mfumbuaji hodari naye ana njia mbili, lakini huzipima zote, kisha huandika lile tu lililo kweli katika zote. Yeye hakuchagua, kwa hiyo hawezi kukosea. Hii ndiyo tofauti ya kubahatisha na kuthibitisha, na mwalimu wa hesabu atakuambia kuwa haiishii katika sudoku.

Nawaachia zoezi. Katika nyumba moja, 1 na 9 zaweza kukaa katika vyumba viwili tu. Kimoja kimeandikwa 1, 4, 6, 9, na cha pili 1, 6, 8, 9. Ni nambari zipi zifutwe katika kila kimoja? Ukipata jibu, usilitoe mpaka uweze kumjibu yule mzee akikuuliza, "Kwa sababu gani?"