Maji ya Kisima na Injini ya Gari

Mwalimu anayenunua gari dogo lililokwisha kutumika hutazama kwanza rangi, matairi na viti. Ni mara chache afunguapo mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi, akatia kidole ndani. Hata hivyo, katika pwani ya Kilwa na Lindi, kidole hicho chaweza kumpa habari nyingi kuliko rangi. Kikitoka na unga mweupe au tope jekundu, yaelekea gari hilo limekuwa likinyweshwa maji ya kisima, na mnunuzi ajiandae kwa gharama.

Tuanze na joto. Petroli inapoungua ndani ya silinda, ni kama theluthi moja tu ya nishati yake, au pungufu, inayolisukuma gari. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu inayokaribia theluthi huingia katika kuta za injini. Hiyo ndiyo inayochukuliwa na maji. Pampu huyazungusha maji hayo kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambako upepo huyapooza. Themostati ni mlango unaojifungua wenyewe maji yafikapo kama nyuzi 82 za Sentigredi. Mfuniko wa rejeta nao hubana kanieneo, hata maji yasichemke kwa nyuzi 100, bali kwa nyuzi zinazokaribia 120. Mpira wa mfuniko ukichakaa, maji huchemka mapema na kupotea, ingawa vifaa vingine vyote ni vizima.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Maji ya mvua yapenyapo ardhini huchukua kaboni dayoksaidi, yakawa asidi dhaifu, nayo asidi hiyo huyeyusha kalsiamu kaboneti iliyomo mwambani. Hayo ndiyo maji magumu, ambayo sabuni haitoi povu ndani yake kwa urahisi. Yakipashwa moto, kaboni dayoksaidi hutoka, na kalsiamu kaboneti hurudi kuwa mango. Kila mwenye birika ameuona ukoko huo mweupe.

Wajenzi wa Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, huko Kilwa Kisiwani, waliitumia kalsiamu kaboneti hiyohiyo. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, nayo chokaa ilipovuta tena kaboni dayoksaidi ya hewani ikawa ngumu kama jiwe. Sifa iliyozifanya kuta zile zisimame kwa karne nyingi ndiyo maradhi ya injini, kwa maana ukoko hupitisha joto kwa shida, zaidi ya mara kumi kuliko chuma. Maji ya kujazwa mara moja huacha ukoko kidogo tu. Hatari ni kuongeza kila siku kwa sababu bomba linavuja, kwani kila kopo huleta chokaa mpya.

Visima vilivyo karibu na ufuko huongeza balaa la pili, yaani chumvi. Katika injini nyingi za magari madogo ya miaka ya 1990, kama ile ya Toyota Corolla iitwayo 5A-FE, bloku ni ya chuma na silinda hedi ni ya alumini. Metali mbili tofauti zikiwa ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa.

Metali hizo pia hazitanuki sawa. Kipande cha alumini cha sentimeta 40, kikipashwa moto kutoka nyuzi 30 hadi 110, hurefuka kwa kama milimita 0.7. Chuma hurefuka nusu yake tu. Gasketi iliyo katikati huvumilia tofauti hiyo ya kawaida, lakini joto likipita kiasi, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Maji yakiingia katika oili, oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa.

Nilijifunza hayo kwa fedha yangu. Tulikuwa twaelekea Lindi, na tulipopita Kiranjeranje mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka ghafula. Nilifurahi, nikaendelea. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na kipimo kilichobaki hewani hakikuwa na maji ya kupima. Mshale ukishuka hivyo, simama, zima injini, na usiufungue mfuniko ungali wa moto.

Bei za vipuri hubadilika, ila mfuatano wa gharama haubadiliki. Mfuniko, bomba la mpira na themostati ni vitu vidogo, na fundi huvibadilisha kwa muda mfupi. Kuzibua rejeta au kubadili pampu ni kazi kubwa zaidi. Gasketi ikiungua, yabidi kuifungua injini, kupeleka silinda hedi ikasawazishwe kwa mashine ambayo haipatikani kila mji, kununua gasketi na oili mpya, na kulipa kazi ya siku kadhaa. Tena, wengine huitoa themostati wakidhani wamelisaidia gari. Injini hukaa baridi mno na kula petroli, na katika baadhi ya injini maji ya moto hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Dawa yake ni kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa. Kulanti huzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka, lakini ni sumu yenye utamu, hivyo iwekwe mbali na watoto na wanyama. Maji ya mvua ni nafuu kuliko ya kisima kwa dharura, ila hayazuii kutu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Chemsha maji ya kisima na maji ya mvua katika vyombo viwili mpaka yakauke, kisha kamulia ndimu juu ya ukoko uliobaki. Mahali palipo na chokaa patatoa povu. Wanafunzi waeleze gesi hiyo ni ipi, na ilitoka wapi kabla ya kuingia kisimani.