Ukuta wa Kinyozi, Picha ya Nani?

Ukitoka Tegeta kuelekea Bagamoyo, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege hadi Zinga, utaona vibanda vya vinyozi vilivyochorwa nyuso za watu ambao hawajawahi kunyolewa pale. Tupac hakosekani, Bob Marley naye, pamoja na wachezaji wa Ulaya ambao hawajui kama Kerege ipo. Fundi aliyewachora hakumwona hata mmoja wao. Alitazama picha kwenye simu, akachovya brashi. Picha ile ya kwenye simu nayo ilipigwa na mtu, na kwa kawaida mpiga picha ndiye mwenye hakimiliki yake, si yule aliyepigwa.

Fundi wetu na msanii Shepard Fairey wa Marekani, kwa hiyo, wako katika mashua moja. Mwaka 2008 Fairey alichukua picha ya Barack Obama iliyopigwa na Mannie Garcia kwa ajili ya shirika la habari la AP, akaigeuza kuwa lile bango la rangi nyekundu na bluu lililoenea dunia nzima. AP ikadai chake. Fairey akajitetea kwamba ameigeuza kiasi cha kuwa kitu kipya. Januari 2011 pande mbili zikapatana, na mahakama haikupata nafasi ya kusema nani alikuwa na haki. Wanasheria walisubiri hadi Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya picha ya mwanamuziki Prince, iliyopigwa na Lynn Goldsmith na kuchorwa upya na Andy Warhol. Majaji saba dhidi ya wawili walisema kwamba picha ya Warhol ilipokodishwa kwa jarida ili kumwonyesha Prince, ilifanya kazi ileile ambayo picha ya Goldsmith ingeifanya. Jina kubwa la Warhol halikusaidia.

Marekani ina kanuni ya matumizi ya haki, ambayo haina orodha iliyofungwa. Jaji hupima mambo manne: umeitumia kazi ya mwenzako kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na soko lake umeliharibu kiasi gani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ina mwendo mwingine. Inataja matumizi yanayoruhusiwa bila kibali: matumizi binafsi, kunukuu kwa kutaja chanzo, kufundishia, kutoa habari, na mengine ya namna hiyo. Ambacho hakimo kwenye orodha kinahitaji ruhusa. Kuchora uso wa Tupac ili wateja waingie kunyolewa sioni kunaingia kwenye kipengele gani cha orodha hiyo. Kinachomlinda fundi ni kwamba hakuna wakili wa California atakayepanda ndege kwa ajili ya kibanda cha mabati. Umaskini ndio kinga yake, na kinga ya namna hiyo huisha siku biashara inapokua.

Lakini pwani hii inajulikana zaidi kwa kuchukuliwa kuliko kwa kuchukua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hivi jijini Dar es Salaam, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi na ndugu zake wakaendelea, na mwaka 1990 ushirika ukaundwa kwa jina lake. Leo chui wa madoadoa, ndege wa shingo ndefu na twiga wa mtindo huo wanauzwa Bagamoyo, Unguja, Mombasa, Nairobi, hata mahali ambako jina la Tingatinga halijulikani ni la mtu. Mwaka 2010 lilitumika kwenye katuni za watoto za kampuni ya Uingereza, zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC na Disney.

Watu husikia habari hii wakauliza kwa hasira: mbona sheria haikuzuia? Jibu ni kwamba hakimiliki hulinda picha, hailindi mtindo. Chui fulani aliyechorwa na fulani, mkia ukiwa umekunjwa hivi na jicho likiwa hapa, ana mwenyewe. Namna ya kuchora chui mwenye madoa ya duara juu ya rangi moja iliyokolea haina mwenyewe. Nami nasema afadhali iwe hivyo. Mtindo ungekuwa na hati, wa kwanza kushtakiwa wangekuwa wanafunzi wa Tingatinga, waliojifunza kwa kumsaidia na kumwiga. Hata leo kijana katika karakana za mtindo huu huanza kwa kupaka rangi ya nyuma, kisha majani, kisha mnyama, akiwa na kazi ya mkubwa wake mbele ya macho. Huko kuiga ndiko kulikoukuza mtindo ukafika hapa ulipo.

Bagamoyo ni hivyohivyo. Jahazi lenye tanga moja, wapagazi wa misafara, milango ya Mtaa wa India, magofu ya Kaole: kila mchoraji anayo, na hakuna awezaye kumzuia mwenzake. Hata wanaosoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha TaSUBa wakihitimu hukutana na jahazi lilelile sokoni. Sheria ya 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi, ambapo kibali cha matumizi ya kibiashara hutolewa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na wapo wanaodhani Tingatinga imo humo. Sidhani. Mtindo ulioanzishwa na mtu anayejulikana jina na mwaka haujawa jadi, ingawa watalii huuziwa kama jadi.

Wizi wenyewe uko mahali pengine, tena mara nyingi hauonekani kama wizi. Mtu anapiga picha ya mchoro mmoja, anaupeleka kiwandani, baada ya muda unarudi ukiwa kwenye mikoba, kava za simu na fulana. Hajaiga mtindo hapo, amenakili kazi ya mtu, na kwa hilo sheria ina meno. Wala haidai usajili kwanza, kwani hakimiliki huanza pale kazi inapochorwa. Kinachoshinda kesi ni ushahidi. Saini inasaidia, kwa sababu jina lililo juu ya kazi huchukuliwa kuwa la aliyeichora mpaka mwingine athibitishe vinginevyo; Tingatinga mwenyewe alisaini kwa herufi kubwa. Picha ya mchoro iliyopigwa siku ulipokamilika husaidia pia, na cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, huongeza uzito. Yule msanii wa Uingereza ajiitaye Banksy alilipia uficho wake: Septemba 2020 ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya ilifuta alama yake ya biashara ya mtupa maua, na moja ya hoja ilikuwa kwamba asiyejulikana hawezi kuthibitisha kwa urahisi kuwa kazi ni yake.

Muda nao una mwisho. Sheria yetu inalinda kazi maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Tingatinga alifariki 1972, maana yake kwa hesabu hiyo ulinzi wa picha zake ulikoma mwisho wa 2022. Picha za wanafunzi wake waliofariki baadaye bado zinalindwa, na za walio hai pia. Mchuuzi anayesema "Tingatinga ni ya wote" amesema kweli kuhusu mtu mmoja, akawapora mamia. Na akivuka na bidhaa hizo kwenda Unguja anakutana na sheria nyingine kabisa, maana Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2003 na ofisi yake.

Kuta zina mgogoro wa ziada kwa sababu zina wamiliki wawili: mwenye ukuta na mwenye mchoro. Kununua ukuta si kununua hakimiliki. Mwaka 2018 kampuni ya nguo ya H&M ilitumia grafiti ya msanii Revok kwenye tangazo, ikadai mahakamani kwamba mchoro uliochorwa bila ruhusa haulindwi, kisha wasanii walipokuja juu ikaiondoa kesi. Je, mwenye ukuta anaweza kuufuta mchoro? Kule Queens, New York, wasanii 21 wa 5Pointz walishinda dola milioni 6.75 baada ya mwenye jengo kupaka chokaa kazi zao usiku mmoja wa 2013, kwa kuwa sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuharibu kazi yenye hadhi. Sheria yetu inampa msanii haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa sura. Kuifuta kabisa ni jambo ambalo haikulisemea waziwazi, na mimi nisingemshauri mchoraji wa Bagamoyo kulitegemea. Aandike kwenye mkataba: mchoro utakaa muda gani, na nani ataarifiwa kabla haujafutwa.

Ninapopenda sheria irekebishwe ni kwenye kupiga picha za michoro hiyo ya kuta. Mfano wa sheria uliotolewa Tunis mwaka 1976, ambao nchi nyingi za Afrika ziliufuata, uliruhusu kazi zilizowekwa hadharani kwa kudumu kuonyeshwa kwenye filamu na televisheni. Wakati ule mwenye kamera alikuwa shirika. Leo ni kila mpita njia mwenye simu. Ningeruhusu picha za kutuma na kuonyesha, mradi jina la mchoraji litajwe, na ningeacha kibali kibaki kwa anayechapa ili auze: hoteli ya ufukweni, kampuni ya vitenge, mtengeneza kalenda. Hao wana uwezo wa kulipa, na kwa kawaida namba ya simu ya mchoraji wanayo, kwa sababu ndio waliomwita aje kuchora.