Bonsai Haitaki Udongo wa Shamba: Ponda Tofali, Osha Mchanga

Februari, mvua zikiwa zimekolea, kijana mmoja wa Makambako aliniletea miti miwili kwenye bodaboda. Msindano na mkuyu, imekunjwa vizuri, kila mmoja kwenye chungu cha bapa. Msindano ulikuwa umeanza kuwa njano kuanzia ndani, mkuyu umepukutisha majani. Nyumbani alikuwa ameacha mingine zaidi ya nusu ya mzigo wake katika hali hiyohiyo, na mteja wa Iringa alishalipa nusu ya hela.

"Shikamoo bwana shamba. Mbolea ndo imekosekana, au wadudu?"

Nikaung'oa mkuyu kutoka kwenye chungu. Mizizi ya chini ilikuwa myeusi, ukiivuta ganda linabaki mkononi, harufu kama ya kinamasi. Mbolea haikuwa na kosa. Mti ulikuwa umezama.

Alichotumia ndicho wengi wenu mngetumia: udongo mweusi wa bondeni nusu, samadi nusu, na tabaka la kokoto chini ya chungu "ili maji yapite". Udongo huohuo unamlimia viazi safi kabisa. Sasa kwa nini uue mti kwenye chungu?

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweke, ilaze bapa kiganjani. Itadondosha maji, kisha itaacha. Sasa isimamishe kwa upande wake mrefu bila kuikamua. Utaona maji mengine yanatoka. Sponji ni ileile, kimo tu ndicho kimebadilika. Udongo nao uko hivyo: chini kabisa ya chungu daima kuna ukanda unaobaki umejaa maji, na kimo cha ukanda huo kinategemea ukubwa wa chembe, si kina cha chungu. Chembe laini, ukanda mrefu. Kwenye shamba ukanda huo haukusumbui kwa sababu udongo unaendelea chini. Kwenye chungu chenye kina cha sentimita 6, ukanda unaweza kuwa chungu kizima, na mizizi inakosa hewa. Hapo vimelea vya kuozesha mizizi vinapata karamu.

Na zile kokoto za chini? Zinaharibu zaidi. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ujae kabisa. Kwa hiyo umeupandisha ukanda wa maji juu, karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu ili mchanganyiko usimwagike, basi.

Wajapani, wenye sanaa hii, hutumia udongo mwekundu wa chembechembe uitwao akadama, pamoja na mawe mepesi ya volkano. Usihangaike kuagiza. Unachotafuta ni chembe ngumu, zenye vitundu, za ukubwa wa milimita 3 hadi 6, zisizo na vumbi. Hizo tunazo.

Ya kwanza ni tofali la kuchoma. Njombe nzima watu wanachoma matofali na kila tanuru lina rundo la vipande. Chagua yaliyoiva, mekundu sana, yanayolia ukiyagonga. Yale ya pembeni mwa tanuru mara nyingi hayajaiva. Kipande chake ukikiloweka usiku kucha asubuhi unakuta tope. Tupa. Usichukue pia kifusi cha nyumba chenye saruji au lipu, kwa sababu saruji ina chokaa na inapandisha pH, na msindano haupendi hivyo. Ponda ndani ya gunia, funika pua na mdomo, vaa miwani. Vumbi la tofali si la kuvuta, na chipu ikikuingia jichoni utajuta.

Ya pili ni jiwe jepesi la volkano, lile linaloelea majini. Wataalamu huliita pamisi. Milima ya Rungwe ilimwaga jiwe hili maelfu ya miaka iliyopita, na upande wa Mbeya lipo. Faida ya Makambako mnaijua: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapo, ya Songea inachepuka hapo, na TAZARA ina stesheni. Jiwe ni jepesi, ila linajaza nafasi, kwa hiyo patana nauli kwa gunia, si kwa kilo.

Ya tatu ni mchanga wa mto, ule mkubwa wa punje za milimita 2 au 3. Hapa wengi wanakosea. Mchanga laini wa kupigia lipu ukiuchanganya na mfinyanzi wetu mwekundu unapata kitu kinachokaribia zege. Na mchanga mkubwa wenyewe hauna vitundu, haushiki maji; unaongeza uzito ili chungu kisipeperushwe na upepo. Kama kokoto zako ni nyeupe na una wasiwasi nazo, zidondoshee siki. Zikitoa povu ni za chokaa.

Chekecha mara mbili: kwanza kwa wavu wa kahawa, kinachobaki juu karudie kuponda, kisha kwa wavu wa mbu, kinachopita ni vumbi, kimwage kwenye njia. Halafu osha mpaka maji yatoke meupe. Kazi hii inachosha, na ndiyo kila mtu anairuka.

Kwa Njombe mjini, kwenye mvua nyingi na baridi, mimi naanza na ndoo mbili za tofali, moja ya pamisi, moja ya mchanga. Makambako ni pakavu zaidi na upepo wake mnaujua, kwa hiyo punguza mchanga uwe nusu ndoo, ongeza nusu ndoo ya mboji iliyoiva na kuchekechwa.

Usiniamini tu, pima. Ziba matundu ya chombo cha lita 2, jaza mchanganyiko uliokwisha kuloweka, mimina maji mpaka yafike usawa wa juu. Zibua, kinga maji yanayotoka. Ukipata mililita 400, hewa ni asilimia 20, na kwa bonsai nisingekubali chini ya hapo.

Bei yake ni hii: mchanganyiko wa aina hii hauna chakula. Lazima uwe unalisha kidogo kidogo, mbolea ya NPK iliyoyeyushwa hafifu, kila wiki mbili mti unapokua. Na Septemba na Oktoba utamwagilia kila siku, siku nyingine mara mbili. Kama wewe ni mtu wa kusafiri, tafuta wa kukusaidia.

Wenye vitalu vya parachichi mtaniuliza kama mjaze viriba kwa tofali tupu. Hapana. Mche wa kuhamia shambani unahitaji udongo unaoshikamana ukichana kiriba. Ila robo ya tofali lililochekechwa, badala ya mchanga laini, itawapa hewa. Na mchanga unaochotwa chini ya mashamba ya parachichi unaweza kuja na Phytophthora, kuosha hakuui. Ulowanishe, upashe moto kwenye pipa mpaka ufike nyuzi joto 70, ukae hapo nusu saa, kisha usiumwage tena chini kwenye udongo.

Yule kijana tuliukata mkuyu wake mizizi iliyooza, tukaupanda kwenye tofali na pamisi, ukachipua baada ya wiki chache. Msindano ulikufa. Mteja alikubali kungoja kwa mikuyu, hela ya misindano akarudishiwa. Mingine iliyobaki nimemwambia aihamishe Agosti mwishoni, sakitu ikishapita na machipukizi hayajafunguka. Chekeche ameshatengeneza, fremu yake mbao za kreti la nyanya.